Mwaka Maharage Yalipojikunja

Misunkumilo, Mpanda
Jumapili, alasiri

Kabula mayu, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga mama yako mdogo, na mama yako mzazi amejilaza kidogo baada ya kuhangaika na mizigo yako tangu alfajiri. Nyumba imetulia. Nimetoa kiti nje nikakiweka karibu na bomba la kupulizia dawa, maana huku ndiko mikono yangu ilikozoea. Karatasi nimechana kwenye daftari lako la kidato cha nne. Usinikasirikie, nimechana zile za mwisho ambazo hukuandika kitu.

Mambo ya nauli, ya chakula cha njiani, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako kwenye treni, hayo mama yako amekwambia yote, na mengine amekwambia mara mbili. Mimi sina la kuongeza hapo.

Juzi ulisema kitu ukiwa unacheka. Nilikuwa nimelala chini ya bomba nakaza mkanda wa tangi, ukachuchumaa ukachungulia, ukasema, "Baba, nikimaliza chuo nitarudi kukufundisha hili bomba linavyotakiwa kutumika." Nilicheka, na mama yako kule jikoni akacheka. Lakini nilibaki kule chini muda mrefu kuliko mkanda ulivyohitaji. Nilikuwa nafikiri: huyu mtoto anakwenda kusoma kilimo, atakuwa bibi shamba, watu watamwita mtaalamu. Na baba yake, ambaye waliwahi kumwita mtaalamu, hajawahi kumwambia alichokifanya.

Nianze na jambo dogo kwanza, nipate pumzi.

Ulikuwa na miaka sita hivi. Nilikuwa nimetoka kupulizia dawa, ovaroli imelowa hadi magotini, ukanikimbilia umenyoosha mikono. Nikakupigia kelele kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo. Ulisimama ghafla, ukakaa chini pale pale vumbini, wala hukulia. Tangu siku ile hukunikimbilia tena. Ulikuwa unasubiri mlangoni hadi nitoke kuoga, na hata hapo ulinitazama kwanza usoni ndipo usogee. Sikuwahi kukueleza kwamba nilichoogopa ni ile dawa kwenye nguo. Nilidhani mtoto husahau. Sijui kama wewe ulisahau. Mimi bado nakuona umekaa pale chini.

Sasa hilo kubwa.

Bibi Mbuke hakuwa shangazi yangu, Kabula. Hakuwa ndugu yetu hata kidogo. Tulipomzika msimu wa mvua uliopita uliniuliza kwa nini hakuna hata mtu mmoja wa ukoo aliyekuja kutoka Shinyanga, nami nikakujibu, "Njia ni ndefu." Wewe ndiye uliyemlisha uji miezi ile yote ya mwisho, wewe ndiye uliyemgeuza kitandani, na mimi nikakupa jibu la kumdanganyia mtoto wa chekechea. Hakuna aliyekuja kwa sababu ukoo wetu haukumjua. Alikaa kwetu kwa sababu yangu mimi na hili bomba.

Nikueleze ilivyokuwa.

Unajua kwamba kabla ya kuhamia hapa tulikaa kile kijiji cha ng'ambo ya mto, walikokaa Wasukuma wenzetu waliokuja na ng'ombe pamoja na babu yako. Mimi nilikuwa nimeshaachana na ng'ombe. Nilikuwa dereva wa trekta la Mzee Seif, na mwaka huo huo alioninunulia ovaroli ya kwanza ndipo alipoleta bomba hili la kuvutwa. Hakuna aliyekuwa ameona kitu kama hicho. Watu walizoea bomba la mgongoni, la kupampu kwa mkono, ekari moja inakula siku nzima. Hili lilikuja na tangi lake juu ya magurudumu mawili, pampu inazungushwa na shafti ya trekta, na yale mabawa mawili ya chuma nikiyakunjua yananyesha dawa upana wa nyumba mbili. Nikipita, watu walisimamisha majembe kutazama. Wakaanza kuniita Daktari. Na mimi, mwanangu, nikaupenda huo udaktari.

Aliyenifundisha ni dereva mmoja mzee aliyeletwa na mashine, akanipa siku mbili kisha akarudi kwao. Alinifundisha kukinga maji ya kila nozeli, kile kitundu cha kunyunyizia, kwenye kopo ili nione ipi imetanuka na inatoa dawa nyingi kuliko nyingine. Alinikataza kuzibua nozeli kwa mdomo. Nikawa nazibua kwa mdomo, kwa sababu mswaki ulikuwa mbali na mdomo ulikuwa karibu, hadi siku moja nilipotapika njia nzima na mama yako akanikalisha kivulini kama mtoto. Lakini jambo alilolirudia sana yule mzee ni kuosha tangi.

"Shija," aliniambia, "hili tangi lina kumbukumbu. Ukilipa dawa ya magugu leo, kesho bado linaikumbuka. Na mipira ya kupitishia dawa inakumbuka kuliko tangi. Suuza mara tatu. Halafu jaza maji ya magadi, yalale humo mpaka kesho yake, ndipo umwage uweke dawa nyingine."

Nilifanya hivyo misimu miwili bila kuruka.

Msimu wa tatu, wewe ukiwa darasa la pili, nilikuwa napulizia dawa ya magugu kwenye mahindi ya Mzee Seif yaliyochelewa kupandwa. Dawa ile haiyagusi mahindi, inaua magugu ya majani mapana. Na maharage nayo, kama utakavyofundishwa huko uendako, ni ya majani mapana. Nilimaliza jioni nimechoka. Kesho yake asubuhi nilikuwa na ahadi na Maganga, jirani yetu, yule aliyekuwa na ng'ombe wengi na wake wawili. Maharage yake yalikuwa yameingiwa na wadudu, na alitaka niyapulizie dawa ya wadudu. Alikuwa amelima shamba kubwa mwaka ule, akitegemea maharage hayo yalishe nyumba zote mbili na mbegu ibaki.

Asubuhi ile wingu lilikuwa limeshasimama upande wa Mishamo. Nikajiambia mvua ikinikuta sijapulizia, Maganga atasema Daktari ni wa jua tu. Nikatia maji mara moja, nikayazungusha, nikayamwaga porini. Magadi sikutia. Nilipofungua mfuniko ili nimimine dawa ya wadudu, harufu ya dawa ya magugu ikanipanda puani. Nilisimama pale na kopo mkononi. Nataka ujue hivyo, Kabula: sikufanya bila kujua. Pua yangu iliniambia. Nikalitazama lile wingu, nikamimina.

Baada ya siku nne nikapita na trekta kwenye njia ya shamba la Maganga, nikaona watu wamejaa. Maharage yalikuwa yamejikunja. Majani yamejikusanya kama ngumi, mashina yamepinda chini na kurudi juu, hakuna mche hata mmoja ulionyooka. Na pembeni pale, ukivuka tu mpaka, kulikuwa na shamba dogo la Bibi Mbuke. Maharage yake yalikuwa ya kijani, yamesimama wima.

Sasa umfahamu Bibi kama alivyokuwa wakati ule, kabla hajawa bibi yako. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, unayakumbuka macho yake, na kwa watu wetu wakati ule mwanamke mzee mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, akiishi kwa huruma ya Mungu tu. Mwezi mmoja kabla ya maharage kujikunja, ng'ombe wa Maganga walikuwa wameingia kwenye mihogo yake. Alikwenda kulalamika, akafukuzwa, na wakati anaondoka akasema, "Haya, Mungu naye ana macho." Wengi walimsikia.

Nilishuka kwenye trekta. Maganga alikuwa ameshika mche mmoja uliopinda. Akaniletea karibu na uso.

"Shija, wewe ndiye unayejua mambo ya mimea. Umeshawahi kuona ugonjwa wa namna hii?"

Watu wote wakasogea wanisikie.

"Sijawahi," nikasema.

Ni neno moja. Sikumtaja mtu, sikumnyooshea mtu kidole. Kwa siku nyingi nilijitetea hivyo moyoni, kwamba mimi sikusema ni yule bibi. Lakini nilipolisema lile neno niliwaona watu wakigeuka, mmoja baada ya mwingine, wakitazama ng'ambo ya mpaka.

Kikao kilikaa kwenye uwanja wa shule. Nilikaa nyuma. Walimwita Bibi katikati wakamuuliza alichofanya. Akawatazama wote kwa zamu, akasema, "Kama ningekuwa na uwezo wa kukunja maharage ya watu, si ningeanza kwa kuunyoosha huu mgongo wangu?"

Wachache walicheka. Hawakucheka sana. Wakaamua atengwe: asipewe moto, asichote maji kisima cha watu, mtu asimwamkie, na likitokea jambo jingine lolote kijijini, basi. Hawakumalizia. Kila mtu pale alijua hiyo "basi" maana yake nini, maana miaka ile tulikuwa tunasikia habari za vikongwe waliouawa kila msimu.

Hapa sasa unaingia wewe, na sijui kama unakumbuka. Siku moja ulirudi kutoka shule ukaniambia, "Baba, nimemwamkia yule bibi wa kule mpakani, akaanza kulia." Ulikuwa unashangaa tu. Nami nikakukaripia. Nikakwambia usirudie. Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Watu wazima wanajua sababu." Ukaitikia, "Ndiyo baba," ukaenda zako kucheza.

Kesho yake nilikuona njiani. Bibi alikuwa anakuja na ndoo yake kutoka mtoni, mbali kule, kwa sababu kisima kilikuwa haramu kwake. Wewe ulimwona. Ukainamisha kichwa ukapita pembeni, kwenye nyasi, kama nilivyokufundisha. Yeye akasimama akageuza uso ili usipate shida ya kupishana naye. Nilikuwa juu ya trekta. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama yako alikuwa akinitazama siku zote zile. Jioni hiyo akaniuliza, "Baba Kabula, wewe umeanza lini kuogopa uchawi?"

Nikamweleza yote. Harufu, wingu, lile neno nililomjibu Maganga. Nilidhani atanifariji, maana nilikuwa nalia. Aliendelea kuchambua mboga hadi akamaliza, akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi ni Maganga?"

Nilikwenda kwa Maganga kulipopambazuka. Nikamwambia mbele ya wake zake. Alinisikiliza, kisha akanishika bega kwa upole kabisa, upole uliouma kuliko kofi, akasema, "Pole, ndugu yangu. Amekuweza na wewe." Kwake ilikuwa wazi: bibi amenitia dawa ili nimsafishe. Nikaenda kwa wazee wa kikao, nao wakanijibu hivyo hivyo. Kuna aliyesema nimelala na pepo wake. Ndipo nilipojua kwamba neno la kweli likichelewa hukuta kiti chake kimeshakaliwa.

Kulikuwa na njia moja tu, wafanyiwe jaribio mbele ya macho yao. Nikaingia mjini dukani kwa Mzee Seif. Alikuwa anapima kitenge cha mteja. Nilisubiri mteja atoke nikamweleza, na nikamwomba bomba na trekta kwa siku moja.

Alikunja kitambaa na kukikunjua. "Unajua hakuna atakayeliita tena bomba langu?" akasema.

"Najua, mzee."

"Na ni nani atakayekubali mimea yake iharibiwe ili ushahidi wako upatikane?"

"Nitamtafuta, mzee."

"Chukua siku moja," akasema. "Halafu funguo uziache hapa mezani. Sitakuajiri tena."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako nitatafuta mtu wa kuniuzia hata matuta matatu ya maharage. Alinitazama kama mtu aliyechoka na ujinga.

"Puliza yangu," akasema.

Unayakumbuka maharage ya mama yako nyuma ya nyumba ile? Aliyapanda peke yake, akayapalilia akiwa na homa. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Nikamwambia hapana. Akasema, "Baba Kabula, mimi nimechoka kupika kwenye moto ambao mwenzangu kanyimwa. Puliza."

Nikafanya mbele ya watu. Niliwaita wazee, Maganga, na yeyote aliyetaka. Nikapulizia dawa ya magugu kwenye kipande cha mahindi ya Mzee Seif wakiona. Nikasuuza tangi mara moja tu, kama siku ile. Nikatia maji matupu, ya kisimani, nikamwomba Maganga mwenyewe ayamimine. Kisha nikakunjua bawa moja nikapita juu ya maharage ya mama yako taratibu. Yeye alisimama mlangoni amejifunga kanga, anatazama. Hakuondoa macho. Matuta mawili ya mwisho nikayaacha bila kupuliza ili walinganishe.

Siku ya tatu yalianza kupinda. Siku ya nne yalikuwa ngumi tupu, na yale matuta mawili yamesimama. Maganga alipiga magoti pale akashika mche, akautazama juu na chini. Aliponyanyuka akanipiga kofi hadi nikayumba. Halafu akakaa chini akashika kichwa.

"Ungesema siku ile ile," akasema. "Maharage yalikuwa yameshakufa, Shija. Ungesema siku ile ile, ingekuwa ni maharage tu."

Sijawahi kusikia mtu akinihukumu kwa haki kuliko hapo. Tulikula mihogo mikavu mwaka ule, na sehemu ya mihogo hiyo aliileta Maganga huyo huyo, mwenye njaa mwenzetu. Sikuelewa. Nilipomuuliza alisema hataki kuzungumza, nichukue mihogo.

Lakini Bibi alikuwa ameshaondoka. Siku ya pili ya kungojea yale maharage, watu ambao hadi leo siwajui walimvunjia vyungu na kung'oa mlango wake mchana kweupe. Akafunga kanga yake na kuondoka kwa miguu. Hakuna aliyemfuata.

Nilimtafuta wiki mbili na nusu. Sikuwa na kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilimpata mtaa wa Shanwe, kwenye mashine ya kusaga, anafagia unga unaomwagika sakafuni. Huo unga ndio uliokuwa mshahara wake. Alikuwa mweupe kwa unga, nywele hadi nyusi. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele za mashine, nikamaliza kwa kumwambia sasa kila mtu anajua hakuwa yeye.

Hakuacha kufagia. "Mimi nilijua siyo mimi," akasema. "Ulidhani umeniletea habari?"

Nikamwomba arudi kijijini, wazee wamekubali kumwomba radhi. Akasema, "Walioamini mara ya kwanza hawatashindwa mara ya pili." Nikamwomba aje kukaa kwangu. Akasema, "Ili unione kila asubuhi ujisikie mwema? Hapana."

Nilirudi mikono mitupu. Mama yako akaenda kesho yake. Hadi leo hajaniambia walizungumza nini mle ndani ya unga. Ninachojua ni kwamba walirudi wote wawili jioni, Bibi yuko mbele, mama yako kabeba kifurushi. Bibi aliponifikia aliniambia, "Nitakaa. Nitalima, nitapika zamu yangu, nitagombana nanyi kama watu wanavyogombana. Usinihurumie. Siku nikiona unanihurumia, naondoka."

Tukahamia hapa Misunkumilo mwezi ule ule. Wewe ulipouliza mbona yule bibi wa mpakani amehamia kwetu, mimi ndiye niliyewahi kujibu kabla ya mtu mwingine: "Ni shangazi yangu." Baadaye Bibi alinivuta pembeni. "Umeanza tena," akasema. "Haya. Siku moja utamwambia mwenyewe. Mimi hiyo kazi sitakufanyia." Na kweli hakuifanya. Miaka yote aliyokulea, akakufundisha kuchagua mbegu, akakusimulia hadithi za kwao, akakuchapa ulipovunja mtungi, hakukwambia hata mara moja. Alikuwa ananitazama tu wakati mwingine unapomwita bibi, nami nilikuwa najua ananiuliza nini.

Utauliza nilirudije kwenye bomba. Mzee Seif alikuja mwenyewe hapa baada ya kama miezi mitatu, na baiskeli, jasho linamtiririka. Alikuwa ameajiri dereva mwingine. "Kila nikimuuliza, ananiambia hajawahi kukosea," akasema. "Mtu wa namna hiyo namwogopa." Akanipa funguo. Wateja walirudi polepole. Wa kwanza kuniita alikuwa mtu aliyenisimamia toka nasuuza hadi namaliza, akinusa tangi mwenyewe kama mpishi. Sikukasirika. Sasa nawaambia wote wanuse.

Mwanangu, sikuandika haya ili uniogope wala ili unisamehe haraka. Wewe una akili kuliko mimi, na huko utafundishwa vipimo na majina ya dawa ambayo mimi nayatambua kwa rangi ya kopo tu. Utaosha tangi vizuri, sina wasiwasi. Ila hata hivyo utakosea, kwa sababu kila anayeshika kazi hukosea, na atakuja mtu na mche mkononi akuulize. Siwezi kukwambia utajibu nini. Naweza kukwambia tu kwamba mimi nilipojibu, gharama haikunifikia mimi kwanza. Ilimfikia mwanamke mwenye ndoo, ikakufikia wewe njiani, ukapita kwenye nyasi.

Kwa hilo la nyasi nakuomba radhi. Bibi nilimwomba alipokuwa hai, akaniambia nimeshamchosha, nikamletee kuni. Wewe sikuwahi kukuomba. Ulifanya jambo jema la kumwamkia mtu, na baba yako akakukataza kwa sababu alikuwa anajificha nyuma yako.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga uisome treni ikishafika mbali, labda ukikaribia Tabora, mahali ambapo huwezi kugeuka ukanitazama. Sasa nimefika mwisho wa karatasi naona huo nao ni woga ule ule. Nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado lipo. Isome unapotaka. Ukitaka kuuliza, niulize. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza pamoja. Na ukikasirika, mayu, kasirika hapa nyumbani, mimi nikiwa mbele yako, ili kesho usiibebe hasira hiyo peke yako.

Mbwa wamebweka, nadhani ni wewe. Nasimama nije kukupokea.

Baba yako,
Shija